Mawaziri wa Kaunti ya Mombasa na siasa za miungano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wakazi wanapokutana na viongozi wao, iwe Likoni, Kisauni au Majengo. Mengi yanatokana na jambo moja: vyama vinaungana na kuachana juu, na mkazi hajui ni nani wa kuulizwa barabara ya mtaani kwake ikibaki mashimo. Tumeanza na ya msingi, yale yenye utata yako mwishoni.

## Ya msingi

Serikali ya kaunti ni gavana peke yake?

La. Kifungu cha 176 cha Katiba ya 2010 kinaigawa serikali ya kaunti sehemu mbili: bunge la kaunti na kamati tendaji. Bunge lina wawakilishi waliochaguliwa na wadi, wengine walioteuliwa kupitia orodha za vyama, na spika. Mombasa ina wadi 30 katika kaunti ndogo 6: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Kamati tendaji ni gavana, naibu wake na mawaziri wa kaunti.

Wazee wengi bado husema "manispaa". Baraza la manispaa lilikoma 2013 ugatuzi, yaani kugawa madaraka kwa kaunti, ulipoanza, na kazi zake zikaingia kwenye kaunti pamoja na nyingine kubwa zaidi, kama vile hospitali.

Waziri wa kaunti ana tofauti gani na waziri wa Nairobi?

Waziri wa serikali ya kitaifa huteuliwa na rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Waziri wa kaunti huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Hakuna anayemwamuru mwenzake.

Hapa kwetu watu huwachanganya kwa sababu sura ni zile zile. Hassan Joho alikuwa gavana wa Mombasa kuanzia 2013 hadi 2022, kisha Agosti 2024 akaapishwa kuwa waziri wa madini, uchumi wa buluu na masuala ya bahari. Hiyo ni kazi ya taifa. Dawa zikikosekana katika zahanati ya Mtongwe, yeye si wa kuulizwa, hata kama ndiye unayemfahamu. Wa kuulizwa ni waziri wa afya wa kaunti.

Mombasa inaweza kuwa na mawaziri wangapi?

Wasiozidi 10. Katiba inasema bunge la kaunti likiwa na wanachama chini ya 30, mawaziri wasizidi theluthi moja ya idadi hiyo. Likiwa na 30 au zaidi, kikomo ni 10, na wadi zetu pekee zinatufikisha huko.

Kwa kuwa majukumu ni mengi kuliko viti, gavana huyaunganisha anavyoona. Maji yanaweza kukaa na mazingira mwaka huu, mwaka ujao yakahamia kwingine. Ndiyo maana jina la idara uliloandika kwenye barua yako ya zamani huenda halipo tena. Hakikisha kabla ya kuandika nyingine.

Mwakilishi wadi anaweza kuwa waziri wa kaunti?

Hapana, mpaka aache kiti chake. Kifungu cha 179 kinataka mawaziri wawe watu wasio wanachama wa bunge la kaunti. Bunge ndilo linalopitisha bajeti na kuwahoji mawaziri. Mtu hawezi kuuliza na kujijibu mwenyewe.

Afisa mkuu naye ni nani?

Ni mtendaji mkuu wa idara, chini ya waziri. Hupendekezwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti baada ya nafasi kutangazwa na kushindaniwa, kisha gavana humteua na bunge kumwidhinisha. Waziri hushughulika na sera, afisa mkuu ndiye anayesimamia fedha za idara na ndiye anayebanwa kuhusu kila shilingi iliyotumika.

Tofauti hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mkandarasi wa mtaro wa maji ya mvua akiacha kazi nusu kwa sababu hajalipwa, hati ya malipo iko mezani kwa afisa mkuu. Barua inayokwenda kwa waziri peke yake itazunguka wiki nzima kabla ya kufika hapo. Andika kwa waziri, nakala kwa afisa mkuu, nakala kwa mwakilishi wadi wako.

## Kuteuliwa na kupigwa msasa

Ni nani anayefaa kuteuliwa?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka awe raia wa Kenya, mwenye shahada ya kwanza kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa, mwenye ujuzi na uzoefu usiopungua miaka 5 katika fani yake, na anayetimiza masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita ya Katiba. Kadi ya chama haimo katika masharti hayo.

Lazima kila jamii ya Mombasa ipate waziri?

Sheria haigawi viti kwa kabila. Inachosema ni kwamba gavana azingatie sura ya kaunti, jamii zilizo chache na zilizoachwa nyuma, na kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Hilo la jinsia lina hesabu yake: katika mawaziri 10, wanaume hawawezi kuzidi 6, kwa hiyo wanawake wasiwe chini ya 4. Bunge halipaswi kuidhinisha orodha isiyotimiza hayo.

Hilo la jamii halina hesabu, na ndipo penye manung'uniko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa: Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Wahindi, Wakamba, Wataita, Waluo, Wakikuyu na wengine wengi. Viti 10 havitoshi kila mlango. Kwa maoni yetu swali lenye tija zaidi ni kama orodha nzima imetoka upande mmoja wa mji, kwa sababu anayeishi Mwakirunge au Shika Adabu anajua taabu ambazo wa Ganjoni hazioni.

Kupigwa msasa hufanyika vipi, na mimi naweza kusema neno?

Gavana hupeleka majina bungeni, kamati husika hutangaza tarehe, wateule huitwa mmoja mmoja kuhojiwa kuhusu elimu, mali, kodi na mipango yao, kisha kamati huandika ripoti na bunge zima hupiga kura. Tangazo la majina huwaalika pia wananchi wenye pingamizi.

Pingamizi linalopita si lile la maneno matupu. Tuseme mteule aliwahi kusimamia mradi wa kisima mtaani kwenu na kisima hakikuchimbwa. Ukisimama ukumbini na kusema "huyu hafai, sote twamjua", hakuna kitakachoandikwa cha maana. Lakini ukileta hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya kamishna wa viapo, ukaambatisha picha ya mahali kisima kilipopaswa kuwa, barua ya kamati ya kisima na tarehe, mteule ataulizwa mbele ya kamera na jibu lake litabaki kwenye kumbukumbu za bunge. Hata akiidhinishwa, jibu hilo unaweza kumrudishia baadaye.

Muda wa kupokea hati huwa mfupi. Fuatilia matangazo magazetini na kwenye mbao za bunge mara tu gavana anapotaja majina.

## Miungano ya vyama

Je, Mombasa inatawaliwa na serikali ya muungano?

Kisiasa unaweza kusema hivyo, kisheria la. Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alichaguliwa 2022 kwa tiketi ya ODM, chama kilichokuwa ndani ya Azimio la Umoja One Kenya, muungano ulioongozwa na Raila Odinga. Uchaguzi wa ugavana hapa haukufanyika tarehe 9 Agosti pamoja na mwingine, kwa kuwa karatasi za kura zilikuwa na makosa. Ulifanyika tarehe 29 Agosti, na gavana na naibu wake Francis Thoya wakaapishwa tarehe 15 Septemba.

Gavana huchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Haanguki kwa sababu chama rafiki kimejitoa, na hahitaji wingi wa wawakilishi ili abaki ofisini. Katika nchi ambazo serikali hutokana na bunge, muungano ukivunjika serikali inaweza kuanguka na mawaziri wakaondoka. Kwetu, muungano ukivunjika waziri huamka na kwenda kazini kama kawaida.

Wingi wa bunge gavana anauhitaji kwa mambo mengine: kupitisha bajeti, miswada na majina ya mawaziri. Hapo ndipo vyama vidogo hupata nguvu ya kudai kitu, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni hufanyika.

Chama chetu kiliahidiwa viti kwenye mkataba. Tunaweza kumlazimisha gavana?

Mkataba wa muungano huwekwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa chini ya sheria ya 2011, iliyorekebishwa 2022 ili muungano wenyewe uweze kusajiliwa kama chama. Ni makubaliano baina ya vyama. Hauwezi kuifuta Katiba, ambayo imempa gavana uwezo wa kuteua na bunge uwezo wa kuidhinisha au kukataa. Chama kinachoona kimedhulumiwa kinaweza kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, lakini hakitarudi na kiti cha uwaziri mkononi.

Vyama navyo huhama. Pwani tuliliona hilo 2022, chama cha PAA cha Amason Kingi kilipotoka Azimio na kuingia Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, miezi michache kabla ya kura, na Kingi akawa Spika wa Seneti. Mwenye kuweka tumaini lake lote kwenye mkataba wa vyama ajue hilo.

Serikali ya "nusu mkate" ya 2008 ilikuwa namna gani? Kwa nini haiwezi kuletwa kwenye kaunti?

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano tarehe 28 Februari 2008. Bunge likapitisha sheria maalumu, Raila akawa waziri mkuu, na baraza la mawaziri likawa na watu 40. Pwani ilikuwamo: Najib Balala, mbunge wa Mvita, alishika utalii, na Chirau Ali Mwakwere wa Matuga uchukuzi. Mawaziri wakati ule walikuwa wabunge, kwa hiyo mtu wa Mvita alimwona mbunge wake na waziri katika kiti kimoja.

Katiba ya 2010 iliondoa mpangilio huo. Waziri hawezi kuwa mbunge, cheo cha waziri mkuu hakipo, na kikomo cha mawaziri 10 kwa kaunti hakiongezwi kwa maafikiano ya vyama.

Na hii "serikali jumuishi" ya sasa?

Rais William Ruto alivunja baraza lake la mawaziri tarehe 11 Julai 2024 baada ya maandamano ya vijana, kisha akawaingiza watu wa ODM, akiwemo Joho. Tarehe 7 Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM zilitia saini makubaliano ya kushirikiana. Yote hayo ni ya ngazi ya taifa. Hayakubadilisha waziri yeyote wa kaunti ya Mombasa, ingawa yamebadilisha nani anamsifu nani jukwaani.

Pwani imewahi kuwa na serikali yake yenyewe?

Ndiyo, kwa muda mfupi sana. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda majimbo yenye mabunge yao, na Ronald Ngala aliongoza jimbo la Pwani kama rais wa jimbo. Kabla ya hapo, Aprili 1962, yeye na Jomo Kenyatta walikuwa wameketi katika serikali moja ya mseto ya vyama vya KADU, chake Ngala, na KANU, cha Kenyatta. KADU ilivunjwa Novemba 1964, Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, na majimbo yakafifia.

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu wenyewe una sababu. Kilichofanyika 1964 kilifanyika juu kwa juu, mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Leo muundo wa ugatuzi unalindwa na kifungu cha 255: hauwezi kubadilishwa bila kura ya maamuzi ya wananchi. Kinga hiyo ni kubwa, na inafaa watoto shuleni waijue.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani si ndiyo serikali ya eneo?

Si serikali. Ni ushirikiano wa kaunti 6: Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Haina mawaziri wake, haitozi kodi wala haitungi sheria. Magavana hukutana, wanakubaliana, kisha kila mmoja hurudi kutafuta idhini ya bunge lake.

Hata hivyo tusiibeze. Chukua maji. Chemchemi za Mzima ziko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na visima vya Tiwi viko Kwale. Vyanzo vyote hivyo viko nje ya mipaka ya Mombasa. Anayefungua bomba Tudor na kusikia upepo tu anategemea kaunti jirani ambazo hazikumpigia gavana wake kura. Kama kuna jambo ambalo magavana wa Pwani wanapaswa kufungiana chumbani mpaka waafikiane, ni hili.

## Kazi zao

Kaunti inashughulikia nini, na nini si chao?

Za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba: afya pamoja na Hospitali Kuu ya Pwani, usafi na taka, masoko kama Kongowea, leseni za biashara, barabara za mitaani, taa za barabarani, maegesho, mitaro, zimamoto, makaburi, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, kilimo na uvuvi.

Za taifa: polisi, shule za msingi na za upili, bandari, uwanja wa ndege na barabara kuu. Feri ya Likoni huleta ubishi, kwa sababu jedwali linataja feri kuwa za kaunti, lakini inaendeshwa na Halmashauri ya Bandari, shirika la serikali ya kitaifa. Kwa hiyo feri ikikwama asubuhi, waziri wa uchukuzi wa kaunti anaweza kulalamika pamoja nawe, kuirekebisha hawezi.

Gari la taka halijafika mtaani. Nianzie wapi?

Anza na msimamizi wa wadi (mtumishi wa kaunti, si mwakilishi wadi), kwa maandishi. Taja mtaa, mahali rundo lilipo ("nyuma ya msikiti, mkabala na duka la gesi"), siku ya mwisho gari lilipokuja, na upige picha inayoonyesha kitu cha kutambulisha mahali. Chukua nakala iliyopigwa muhuri. Bila muhuri barua haikupokelewa, hata kama karani aliipokea kwa tabasamu.

Lisipotatuliwa, barua ya pili iende kwa waziri wa mazingira na afisa mkuu wake, ukiambatisha ile ya kwanza. Ya tatu ni ombi rasmi bungeni (tazama swali la mwisho).

Tozo mpya za soko hutoka wapi?

Kwenye mswada wa fedha wa kaunti, ambao huletwa na waziri wa fedha. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mswada wa fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Wachuuzi wengi huanza kulalamika askari wa kaunti wakishafika na risiti mpya. Wakati huo sheria imekwisha pita. Nafasi ya kusema ilikuwa katika vikao vya maoni ya umma.

Ukihudhuria vikao hivyo, usiseme tozo ni kubwa ukaishia hapo. Sema unauza nini, faida ya siku ni kiasi gani, na tozo inachukua sehemu gani. Mama muuza mihogo akiweka hesabu hiyo mezani, kamati hupata kitu cha kuandika.

## Kuwajibishwa na kuondolewa

Gavana anaweza kumfuta waziri wakati wowote?

Ndiyo. Sheria inamruhusu kumwachisha kazi akiona inafaa au ni lazima, na katika kifungu cha 179 mawaziri wanawajibika kwake.

Na bunge la kaunti?

Linaweza kumlazimisha gavana, kwa hatua. Mwakilishi mmoja huleta hoja akiungwa mkono na angalau theluthi moja ya wanachama wote, kwa sababu zilizotajwa: kukosa uwezo, kutumia ofisi vibaya, utovu mkubwa wa nidhamu, kutohudhuria mikutano 3 mfululizo ya kamati tendaji bila ruhusa, kutojiweza kimwili au kiakili, au kuvunja Katiba vibaya. Kamati ya watu 5 huchunguza na kutoa ripoti ndani ya siku 10. Ikiona madai hayana msingi, mambo yanaisha. Ikiona yana msingi, waziri hupewa nafasi ya kujitetea, kisha wengi wa wanachama wakiamua aondoke, gavana hana hiari tena.

Kuwa mtu wa chama rafiki hakumkingi waziri hapa. Wala kuwa wa chama pinzani si kosa la kumwondoa.

Gavana akifariki, akijiuzulu au akiondolewa, mawaziri hubaki?

Naibu gavana hushika ugavana kwa muda uliosalia. Mawaziri, kwa mujibu wa kifungu cha 179, nafasi zao hukoma kiti cha gavana kikiwa wazi, na kamati tendaji huundwa upya.

Gavana akiwa safarini, naibu anaweza kuwabadilisha mawaziri?

Hapana. Naibu anayekaimu hana uwezo wa kupendekeza, kuteua wala kufuta. Lakini yeye mwenyewe anaweza kupewa idara ya kusimamia, na hilo halihitaji kumwondoa katika unaibu.

Nataka kuona mkataba au hesabu za idara. Nina haki?

Unayo, chini ya kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, eleza hati unayoitaka kwa jina na mwaka. Huhitaji kueleza sababu. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ombi rasmi kwa bunge la kaunti linaandikwaje?

Mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi, peke yake au na wenzake. Liandikwe kwa heshima, likielekezwa kwa bunge kupitia ofisi ya karani. Liseme wewe ni nani, jambo ni gani, umeshakwenda wapi na ukajibiwa nini, kama jambo liko mahakamani au la, na unataka bunge lifanye nini hasa. Majina, nambari za vitambulisho na saini ziwe kwenye karatasi yenye maelezo ya ombi, zisiwe kwenye karatasi tupu iliyobandikwa nyuma. Ukitaka waziri aitwe mbele ya kamati, andika hivyo waziwazi, kwa kuwa sheria inaipa kamati uwezo wa kumtaka afike na kujibu maswali. Weka nambari ya simu ya mtu anayepokea simu, na siku kamati itakapokuita, nenda na mtu aliyeliona tatizo kwa macho yake.